Kufika na Kuruhusiwa: Uhakiki wa Istilahi "Viwango vya Ufikiaji" katika Usimamizi wa Swichi ya Mtandao

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, istilahi za programu za ofisini zimejadiliwa kwa kina kuliko zile za vifaa vya mtandao. Istilahi "viwango vya ufikiaji", inayomtenga mtumiaji wa kawaida na msimamizi, inadhihirisha pengo hilo.

Katika swichi za Cisco, mamlaka yamepangwa katika ngazi 16, kuanzia 0 hadi 15. Aliye katika ngazi ya 1 huoneshwa alama ya > na huweza kusoma baadhi ya taarifa za kifaa. Akiandika amri ya *enable* na kutoa nywila, hupanda hadi ngazi ya 15, alama hugeuka kuwa #, naye huweza kubadili usanidi wote. Ngazi za 2 hadi 14 taasisi huweza kuzigawia amri kulingana na majukumu. Wote hao wamekifikia kifaa kile kile. Kinachowatofautisha ni walichoruhusiwa kutenda.

Kitenzi *fika* hakibebi tofauti hiyo. Mgeni anayepiga hodi kibarazani Malolo, wilayani Ruangwa, amekwisha kufika. Hajakaribishwa ndani, seuze kukabidhiwa ufunguo wa ghala la korosho. Kauli ya kutendea katika *fikia* huongeza kikomo cha mwendo, si mamlaka. *Ruhusa*, kinyume chake, hudai awepo anayeitoa.

Istilahi *msimamizi* imefaulu zaidi: kama msimamizi wa mirathi, hushika dhamana ya mali isiyo yake. Hata hivyo, kumkabilisha na *mtumiaji* kunapotosha, kwa kuwa ngazi ni ya kipindi cha kazi, si ya mtu. Fundi yule yule hushuka tena kwa amri ya *disable*.

Suala hili si la msamiati tu. Mwongozo unaoagiza "mpe fundi ufikiaji" haubainishi iwapo atasoma au atafuta usanidi. Aliyepewa ngazi ya 15 pale ambapo ya 1 ingetosha anaweza, kwa amri moja, kukata mawasiliano ya jengo zima. Kwa hiyo "ngazi za ruhusa" ni istilahi stahiki zaidi, na *ufikiaji* ubaki na maana yake ya asili: kukifikia kifaa, kabla ya kuruhusiwa lolote.