Samaki Hakuulizwa

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nani kati yetu hakulelewa kwa methali hiyo? Ukiisikia, unauona mkono wa mzazi au wa mwalimu ukikunja kitu laini kabla hakijakauka, na moyo unakubali kwamba ndivyo inavyopasa. Lakini liko jambo moja ambalo methali imelipita kimya. Samaki hakuulizwa. Hakuulizwa kama anataka kukunjwa, wala akunjwe upande gani. Kwa samaki si neno, maana amekwisha kufa. Kwa mtoto ni neno kubwa.

Jambo hili limenirudia mara nyingi katika kusoma maandishi ya wanasaikolojia wa Marekani waitwao wachambuzi wa tabia. Mwasisi wa fikra zao, B. F. Skinner, alifundisha kwamba tabia hujengwa na matokeo yake: tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa, na lisilofuatwa na kitu hufifia. Hilo ni kweli, na mzazi yeyote aliyewahi kumnyamazisha mtoto kwa peremende, kisha akashangaa kilio kikirudi kesho yake, analijua. Sina ugomvi na elimu hiyo kwa upande wa ukweli wake. Ugomvi wangu ni kwamba elimu iliyojua sana namna ya kukunja ilichelewa mno kujiuliza inakunja kuelekea wapi, na kwa idhini ya nani.

Tutazame kazi ya Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1965 yeye na wenzake walichapisha habari za watoto pacha wa miaka mitano wenye usonji, ambao hawakuwa wakiwajali watu. Waliwekwa katika chumba ambacho sakafu yake ilitandikwa vipande vya chuma vya kupitisha umeme. Shoti ilikatika pale mtoto alipomwendea mtu mzima. Watoto walijifunza upesi kumwendea mtu, na watafiti wakaandika kwamba mwenendo wa kijamii umejengeka. Nami nauliza: mtoto akikukimbilia kwa sababu sakafu inamchoma, je, amekupenda wewe, au ameikimbia sakafu? Hesabu ya hatua zake peke yake haiwezi kukujibu.

Tusimdhulumu Lovaas. Zama zile walikuwapo wataalamu wenye majina makubwa, kama Bruno Bettelheim, waliosema kwamba usonji hutokana na ubaridi wa mapenzi ya wazazi. Lovaas alikataa lawama hiyo, akasema mtoto huyu anafundishika. Kwa wazazi wengi hilo lilikuwa tumaini la kwanza.

Makala yake mashuhuri ya 1987 inaeleza habari za watoto 19 walioanza wakiwa hawajafika miaka minne, wakafundishwa saa 40 kwa juma kwa muda wa miaka miwili au zaidi. Watoto 9 kati yao walifaulu darasa la kwanza katika shule za kawaida, wakiwa na kipimo cha akili cha kawaida. Wako wahakiki waliosema kwamba watoto hawakugawanywa katika makundi kwa kura, na hoja hiyo ina uzito. Wengine wamelalamikia kofi la paja lililokuwamo katika mafunzo hayo, nao wana haki. Hoja yangu iko upande mwingine. Ushindi ulipimwa kwa mambo mawili tu, darasa na akili. Yaani mtoto alihesabiwa amefaulu alipofanana na wenzake. Saa 40 ni juma zima la kazi la mtu mzima anayelipwa mshahara. Je, mtoto alichoka? Alipata wasaa wa kucheza anavyopenda yeye? Alipofika darasani alikuwa na raha, au alikuwa anajibana siku nzima? Vipimo vile viwili havikuundwa kuyasikia hayo.

Atakayesema kwamba mafanikio ni utetezi wa kutosha, na asome makala ya 1974 ya George Rekers na Lovaas huyo huyo. Humo mvulana wa karibu miaka mitano alifundishwa aache michezo na mwenendo ulioitwa wa kike, kwa kutazamwa na kusifiwa alipofanya walichotaka, na kupuuzwa alipofanya alichopenda. Michoro ya makala ilipanda na kushuka kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2020 jarida lililoichapisha lilitoa tamko la kueleza wasiwasi juu yake. Angalia vizuri: mbinu haikubadilika, macho ya watu juu ya shabaha ndiyo yaliyobadilika. Kisu kikali hukata nyama, na hukata kidole kwa ukali ule ule. Ukali wake hautuambii tukate nini.

Wapo waliolisema hili kutoka ndani ya nyumba yenyewe. Mwaka 1972 Richard Winett na Robin Winkler walipitia kazi zilizofanywa madarasani, wakaona kwamba mara nyingi mtoto alifundishwa mambo matatu: atulie, anyamaze, atii. Niliposoma hayo niliona haya. Nami nimepata kusimama mbele ya darasa, na najua utamu wa darasa lililonyamaza. Nililiita darasa zuri. Sikujiuliza zuri kwa nani. Na leo najua kwamba lilikuwa zuri kwangu.

Mwaka 1978 Montrose Wolf, mmoja wa waasisi wa fani, aliwataka wenzake wapeleke kwa watu maswali matatu: je, malengo haya ndiyo mnayoyataka, njia hizi mnazikubali, na matokeo haya yanawaridhisha? Ni maswali mema. Lakini aghalabu aliyeulizwa alikuwa mzazi au mwalimu, yaani mwenye mkono wa kukunja. Mwaka 2004 Michelle Dawson, Mkanada mwenye usonji, aliandika makala ndefu ya kuhoji maadili ya wachambuzi wa tabia, na mwaka huo huo hoja zake zilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya wazazi waliodai serikali ya jimbo igharimie mafunzo hayo. Hatimaye samaki alisema.

Cha kusikitisha ni kwamba fani yenyewe ilikwisha kuona kuwa mtoto husema. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walichunguza watoto waliokuwa na vurugu darasani, wakaona kwamba wengine walikuwa wakiomba kuangaliwa, na wengine wakikimbia kazi iliyowashinda. Walipofundishwa kuuliza kama wanafanya vizuri, au kusema kwamba hawaelewi, vurugu zilipungua sana. Mtoto hakukunjwa. Alipewa neno la kusemea haja aliyokuwa nayo tayari. Hapo naivulia kofia elimu hii, kwa kuwa mkono uleule uliozoea kuamuru ulikubali kwanza kusikiliza.

Usidhani ubishi huu ni wa kale. Katika mji wa Canton, jimbo la Massachusetts, kituo kiitwacho Judge Rotenberg, kilichoanzishwa 1971 na mwanafunzi wa Skinner, kiliwafunga baadhi ya wakazi wake vifaa vya kuwapiga shoti kwa makosa ya mwenendo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipiga marufuku vifaa hivyo 2020. Mahakama ikatengua marufuku hiyo 2021. Bunge likarekebisha sheria 2022 ili mamlaka iweze kuvizuia. Ni mwaka huo wa 2022 ndipo chama cha kimataifa cha wachambuzi wa tabia kilipotoa tamko la kupinga shoti hiyo. Toka 1965 hata 2022 ni miaka 57. Fani inayohesabu tabia kwa sekunde haikupaswa kuhitaji miaka 57 kuhesabu kilio.

Sisemi watoto waachwe bila malezi. Mtoto anayejigonga kichwa ukutani lazima azuiwe, na anayeweza kumsaidia akakaa kimya ana dhambi yake. Nasema tu kwamba kukataa kwa mtoto nako kuandikwe katika daftari, kwa wino uleule unaoandika kutii kwake. Asiyejua kusema hugeuza uso, huvuta mkono, hulia. Hayo ni majibu. Mwenye kumlea mtoto, kabla hajakunja, na aulize. Na akishauliza, angoje ajibiwe.