Istilahi za Kubadilisha Kadi ya Michoro: Uhakiki

Kompyuta ya mezani iliyounganishwa kiwandani imepimwa kwa matumizi aliyoyakusudia mwundaji wake. Mwenye kutaka kuiongezea uwezo wa kuonyesha picha hana budi kuifungua, kuitoa kadi ya michoro iliyomo na kupachika nyingine. Fundi huimaliza kazi hii kwa muda mfupi. Mfasiri wa maelekezo yake aghalabu huhangaika siku nzima, na tukizipima fasiri zilizoko twaona kwamba hangaiko hilo halikuzaa matunda kila mara.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Wengi huiita 'kuboresha kadi'. Katika Kiswahili kinachoboreshwa hubaki kilekile: barabara ikiboreshwa, ni barabara ile ile tuliyoizoea. Kadi haiboreshwi, huondolewa, ikawekwa nyingine. Katika ofisi ya umma tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Hati ikisema 'uboreshaji wa kadi', mtunza bohari hatajua kwamba kuna kifaa kilichotolewa ambacho yapasa kiingizwe katika leja, na kadi ya zamani yaweza kupotea bila ya mtu yeyote kusema uongo. Twapendelea 'kubadilisha kadi'. Neno 'kuboresha' na liachiwe kompyuta nzima, ambayo kwa hakika ndiyo iliyoboreshwa.

'Kadi ya michoro' tunaiunga mkono. Wapo wanaoilaumu kwa hoja kwamba mchoro ni kazi ya kalamu, nao hupendekeza 'kadi ya picha' au 'kadi ya video'. Hoja yao haina uzito. Kadi hii kwa kweli huchora: hupokea nukta na pembetatu, huzipanga, huzipaka rangi, ndipo taswira ionekane kwenye skrini. 'Kadi ya picha', kwa upande mwingine, humkumbusha msomaji kile kikadi cha kuhifadhia picha ndani ya kamera. Tusisahau pia kwamba hata majina ya asili hayakuzaliwa yote maabara. NVIDIA ilipotoa GeForce 256 mwaka 1999, iliitangaza kuwa GPU ya kwanza duniani. Herufi hizo tatu zilienea kwa nguvu za matangazo ya biashara. Mfasiri hana deni la kuzitukuza.

Kosa kubwa limo katika umeme. Kifaa kilicho ndani ya kasha, kigeuzacho mkondo geu wa volti 230 kutoka ukutani kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12 na chini yake, kimefasiriwa 'ugavi wa umeme'. Sasa mwalimu asome: 'Kadi haitafanya kazi iwapo ugavi wa umeme hautoshi.' Ataelewa nini? Ataelewa kwamba umeme wa mtaani ni hafifu, atanunua kifaa cha kuusawazisha, na kadi itaendelea kuzima kompyuta kila ianzapo kazi nzito. Fedha ya shule imekwenda, na kosa ni la neno moja. Mafundi wetu husema 'pawasaplai', wala hawakosani. Mpaka lipatikane neno bora, twaona hilo litumike bila haya.

Jirani yake ni 'nguvu'. Tukisema kadi hii ina nguvu zaidi, je, inafanya kazi kwa kasi zaidi au inakula umeme zaidi? GeForce GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, hutumia wati 75, ambazo ndizo ukomo wa umeme unaotolewa na mwanya wa kadi. Nyingi za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada. RTX 3060 ya mwaka 2021 hutaka wati 170, kwa hiyo lazima iungwe waya kutoka pawasaplai. Na Dell OptiPlex 7010 ya kasha dogo, ya mwaka 2012, ina pawasaplai ya wati 240 kwa mashine nzima, yenye umbo lake la pekee, hata haibadiliki kwa ile ya kawaida ya dukani. Katika mambo kama haya 'uwezo' uwe wa kazi, na umeme utajwe kwa wati.

'Ubao mama' hatutaupigania wala kuupinga, umekwisha kukaa.

Limebaki la kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya makasha membamba. Kuna waliofungua kamusi, wakaona 'wasifu', wakaandika 'kadi ya wasifu wa chini', kana kwamba kadi inaomba kazi na vyeti vyake havitoshi! Wengine huandika 'kadi fupi'. Neno ni la Kiswahili safi, lakini halitoshi, kwa kuwa ufupi waweza kuwa wa urefu au wa kimo, na kadi yaweza kuwa fupi kwa urefu ilhali kimo chake kinazuia kifuniko kufungwa. 'Kadi ya kimo kifupi' humaliza shaka. Vilevile isiandikwe kwamba kadi nene 'inachukua nafasi mbili', maana nafasi ni neno pana mno. Iandikwe kwamba huchomekwa katika mwanya mmoja na kuufunika wa pili. Mnunuzi akisoma hivyo atahesabu mianya kabla ya kutia sahihi hati ya ununuzi.