Ulemavu, Kazi na Kizingiti

Azimio la Arusha la 1967 liliufanya usawa wa binadamu kuwa msingi wa siasa yetu. Lilipofafanua maana ya nchi isiyo na unyonyaji, lilitaka kila mwenye uwezo afanye kazi. Watu wenye ulemavu likawaweka pamoja na watoto wadogo na wazee, katika kundi lenye haki ya kutunzwa kwa jasho la wengine. Nia ilikuwa ya utu. Lakini kada hana budi kuuliza: ni nani aliyepima uwezo wao, na kwa kipimo gani?

Tuchukue mfano wa Mbinga. Wamatengo hulima kwenye miteremko mikali. Hawakuulaumu mlima. Walibuni ngolo, yaani mashimo yanayozuia maji na udongo visiporomoke. Walibadili namna ya kulima, na mlima ukatoa mahindi na maharage. Basi kwa nini tunapojenga tunamlaumu mtu badala ya jengo?

Mkulima wa kahawa asiyeweza kutembea anaweza kuchambua kahawa, kutunza hesabu za ushirika na kuongoza mkutano. Kinachomshinda ni ngazi za ofisi. Teremka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa: mahali pasipo na gati, abiria hushuka chomboni na kukanyaga maji hadi nchi kavu. Mwenye magongo hubebwa kama gunia. Aliyemfanya tegemezi si ziwa, wala si mguu wake. Ni mpango uliomsahau. Vivyo hivyo, tangazo la ukutani halimfikii asiyeona, na hotuba isiyo na mkalimani wa lugha ya alama haimfikii kiziwi.

Sheria zimepiga hatua. Mwaka 1982 zilitungwa mbili, moja ya ajira na moja ya matunzo. Ile ya 2010 ikasisitiza haki. Lugha nayo imebadilika: aliyeitwa "kilema" sasa ni "mtu mwenye ulemavu". Lakini jina jipya halibomoi ngazi. Kwa kipimo kinachotumika sana cha moja kwa kumi na mbili, kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mteremko ya sentimita 180. Ni kazi ndogo kabla saruji haijamwagwa. Ikishakauka, ni kubomoa.

Kwa hiyo, ramani isipitishwe kabla mwenye ulemavu hajaketi katika kamati ya ujenzi, akiwa mjumbe mwenye kauli, si mgeni wa kushukuru. Anayetunzwa ilhali anaweza kufanya kazi amenyimwa usawa, hata kama sahani yake imejaa.