Ini Lililooshwa

Mwaka 1855, mjini Paris, mwanafiziolojia Claude Bernard alimlisha mbwa nyama tupu kwa siku kadhaa, ili sukari yoyote itakayopatikana isisemwe imetoka kwenye chakula. Kisha akamuua, akalitoa ini lingali na joto. Hakulikata. Alichomeka mrija kwenye mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni, akauunganisha na bomba, akafungulia maji baridi. Yalipenya ini zima na kutokea upande wa pili, mwanzo mekundu, baadaye yakafifia, mwisho maangavu.

Aliosha hivyo kwa dakika 40, hadi maji yanayotoka yakawa hayana sukari. Akachemsha kipande cha ini lenyewe: nacho hakikuwa nayo. Ini akaliacha kwenye chombo mpaka kesho yake. Alipolipima tena, sukari ilikuwa tele. Damu haikuwamo, wala chakula. Ndani ya nyama ya ini kulikuwa na akiba ambayo maji hayakuiondoa, nayo ilikuwa ikigeuka sukari taratibu.

Kuipata akiba hiyo ikiwa safi kulimchukua hadi 1857. Safari hii ini lilikatwa vipande vyembamba mara tu mnyama alipokufa, vikatoswa kwenye maji yanayochemka ili akiba isipate nafasi ya kugeuka. Akavitwanga kwenye kinu kidogo, akavichemsha tena, akakamua kwa kitambaa, akachuja. Maji yaliyotoka yalikuwa na weupe wa tui jepesi. Alipoyamiminia alkoholi, weupe ule ulijikusanya ukatuama. Akauchemsha katika potashi kuondoa protini, akautuamisha kwa alkoholi mara nyingine, akaukausha. Ukabaki unga mweupe usio na ladha: glikojeni.

Leo tunajua kwamba unga huo ni maelfu ya molekuli za glukosi, yaani sukari ile ile, zilizoungwa kwa matawi, na kila tawi lina ncha ambayo glukosi inaweza kuongezwa au kukatwa. Ini la mtu mzima aliyeshiba hubeba takriban gramu 100. Misuli, ikijumlishwa, hubeba zaidi, lakini huitumia yenyewe. Ini ndilo huachia glukosi kwenye damu usiku, mtu akiwa amelala bila kula, ubongo wake usipungukiwe. Ukataji huo wa polepole ndio uliokuwa ukiendelea katika ini la Bernard, naye aliuona kwa sababu hakulitupa ini lililokwisha kuonekana tupu.