Hii San Diego Imetoka Wapi?

Alama 63. Ushindi mara 19. Nafasi ya kwanza Kanda ya Magharibi katika ligi kuu ya Marekani, MLS, juu ya Vancouver, juu ya LAFC, juu ya Seattle. Halafu unaambiwa timu hii Januari 2025 ilikuwa bado haijacheza hata mechi moja ya ligi! Jamani. Nimekesha na San Diego FC msimu mzima wa 2025, na kila nikiutazama msimamo naona kama aliyeupanga alikuwa anatutania.

Tuanze na usiku ule wa Februari 23, maana ndio uliotuwasha. Kwao California ilikuwa Jumapili jioni. Sisi huku ulikuwa usiku wa manane. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi katika maisha ya klabu, na ratiba ikawapeleka ugenini, Carson, nyumbani kwa LA Galaxy, mabingwa watetezi, wakati wenyeji bado wana utamu wa kombe la 2024 mdomoni. Mgeni wa namna hiyo huitwa aje afungwe, picha zipigwe, watu warudi makwao wameridhika. San Diego wakaingia, wakaweka mpira chini, wakaanza kupasiana kana kwamba uwanja wameurithi. Dakika ya 52, Anders Dreyer, bao. Dakika za nyongeza, Dreyer tena. 2-0! Galaxy wanatazamana, mimi nimesimama katikati ya sebule, nyumba nzima imelala na sina wa kumwambia.

Lakini si mabao yaliyonishika. Ni golikiki. Ndiyo, golikiki! Kipa CJ dos Santos anaanza na pasi fupi kwa beki aliye ubavuni kwake, ndani kabisa ya boksi. Anarudishiwa. Anaukanyaga mpira kwa soli ya kiatu, anasimama. Anasimama tu! Mshambuliaji wa wapinzani yuko hatua chache mbele yake, anajiuliza aende au asiende. Akienda, nahodha Jeppe Tverskov ameshashuka kutoka katikati, pasi inapita palepale mkabaji alipotoka, na kabla hujakaa vizuri winga yuko ana kwa ana na beki wa pembeni upande wa pili. Asipokwenda, dos Santos anaendelea kusimama, mguu juu ya mpira, kama mtu anayesubiri daladala asiyo na haraka nayo. Ukiwa shabiki wa ile shule ya "piga mbele hiyo!" presha itakupanda. Yangu ilipanda wiki za mwanzo. Baadaye nikawa nasubiri golikiki kuliko kona.

Na huu ndio uhondo wenyewe: kocha Mikey Varas hakuwahi kuuacha mchezo huo. Wamekabiwa juu, wameibiwa mipira mbele ya lango lao, wamefungwa mabao ya kuudhi, na dakika inayofuata dos Santos anapiga pasi fupi ileile. Timu changa kwa kawaida hujificha. Hupaki basi, hubutua, huombea sare, husema msimu wa kwanza ni wa kujifunza. Hawa walijua wanataka kucheza vipi kabla ya kujua nani atacheza, na wachezaji wakatafutwa kwa kipimo hicho. Kwangu mimi hapo ndipo zilipotoka alama zote 63.

Wamejulia wapi? Ghana! Msishangae. Mmiliki mkuu ni bilionea mwenye asili ya Misri, Mohamed Mansour, na kampuni yake ndiyo yenye Right to Dream, akademia ambayo Tom Vernon aliianzisha Ghana mwaka 1999. Ndiko alikotoka Mohammed Kudus, ndiko alikotoka Simon Adingra. Akademia hiyo ina timu Denmark, FC Nordsjælland, ambayo kwa miaka imekuwa ikichezesha vijana bila woga na kuwauza kwa bei nzuri. San Diego ni tawi la karibuni la mti huo. Tverskov ametoka Nordsjælland. Mshambuliaji Marcus Ingvartsen naye katoka Nordsjælland. Ema Boateng, Mghana aliyelelewa Right to Dream na kuzunguka MLS miaka mingi, naye alikuwamo. Kwa hiyo ile timu "mpya" iliyoingia Carson ilikuwa na lugha ya mpira iliyozungumzwa kwa robo karne, ila kwa jezi nyingine.

Ngoja niwape na Manu Duah, maana huyu kijana ananikosha. Mghana, kiungo wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Marekani wana utaratibu wao wa kugawana wachezaji wa vyuo, timu zinachagua kwa zamu, na San Diego walipata zamu ya kwanza. Wakamchukua Duah. Halafu Varas akamrudisha nyuma, akamfanya beki wa kati! Mtoto wa chuo, mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, nafasi ambayo hakuizoea, kwenye timu inayoanzisha mpira mdomoni mwa lango lake. Mwingine angetetemeka magoti. Duah anapokea mpira amegeukia mbele, anainua kichwa, anapita na mpira katikati ya wakabaji wawili kama vile bado ni namba nane. Kiungo ndani ya jezi ya beki: ndicho hasa walichokuwa wanakitafuta.

Sasa Dreyer. Wakati anasajiliwa kutoka Anderlecht, wiki chache kabla ya ligi kuanza, nani alimshangilia? Macho yote yalikuwa kwa Hirving Lozano, "Chucky", Mmexico wa Napoli na PSV, jina la kuuzia jezi mji uliopakana na Tijuana. Dreyer akaja kimyakimya na mguu wake wa kushoto, akapangwa winga ya kulia, na kazi yake ikawa ileile kila wiki: anapokea pembeni, anaingia ndani, beki anajua anaingia ndani, kipa anajua, muuza maji jukwaani anajua, na bado mpira unaishia wavuni. Mabao 19. Pasi za mabao 19. Tuzo ya mchezaji bora mgeni wa msimu ikaenda kwake, na katika kura za mchezaji bora wa ligi alizidiwa na mtu mmoja tu, anaitwa Lionel Messi. Kushika nafasi ya pili nyuma ya Messi, kwa mtu tuliyemwona Carson bila kumtambua!

Lozano naye alikuwa na siku zake, na siku akiwa na raha beki wa kulia analala mapema. Ila msimu ulipofika ukingoni kukatokea mtafaruku kule Houston, akawekwa nje mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Supastaa, mwenye mshahara mnono, nje! Timu ikashinda 4-0. Sipendi wachezaji wakubwa wanapodhalilishwa, lakini hapa sikuona mtu akidhalilishwa. Niliona klabu ya mwaka mmoja ikiwa na ubavu wa kufanya jambo ambalo klabu zenye makabati yaliyojaa vikombe zinaliogopa.

Nyumbani ni Snapdragon, uwanja wa watazamaji 35,000. Machi 1 ndipo walipofungua pazia na St. Louis, sare ya 0-0, jukwaa limefurika. Na humo kulikuwa na doa: mashabiki kadhaa wakaimba ule wimbo wa matusi dhidi ya mashoga unaoifuata soka ya Mexico kila kipa anapopiga mpira. Varas hakuzunguka mbuyu. Aliwaambia wasioweza kuacha ni heri wasije. Ingekuwa rahisi zaidi kukaa kimya, usiku wa kwanza nyumbani, tiketi bado zinauzwa.

Mji huu uliachwa, jamani. Timu yao ya mpira wa Kimarekani, Chargers, ilihamia Los Angeles 2017. San Diego Loyal, timu ya ligi ya chini iliyoanzishwa na Landon Donovan na wenzake, ilifunga milango 2023. Kwa hiyo unapowaona wanaimba dakika tisini nzima, elewa kiu ni ya siku nyingi. Kabila la wenyeji asilia la Sycuan, katika taifa la Kumeyaay, ni wabia wa klabu, na kituo cha mazoezi pamoja na akademia vipo kwenye ardhi yao, El Cajon. Na hapo jirani, City Heights, kuna Wasomali, kuna Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Kenya, kuna Wakongo. Kiswahili kinasikika mtaani. Akademia iliyozaliwa Ghana imefungua mlango karibu na watoto hao, na mimi nasubiri kwa hamu siku jina la kwetu litakaposomwa kwenye kikosi. Haitakuwa ajabu: Bernard Kamungo wa FC Dallas alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na anacheza ligi hiihii.

Kuna wa kwetu watakaosema hii si timu ya kushangaza, imenunua nafasi. Kweli. MLS hakuna kupanda wala kushuka. Ada ya kuingia inatajwa kuwa dola milioni 500. Namungo walipopanda ligi kuu ya Tanzania 2019 walitoka Ruangwa, Lindi, wakipigania kila hatua, na wakamaliza ya nne msimu wao wa kwanza. Ile ina utamu wake ambao San Diego hawataupata kamwe. Lakini kununua nafasi si kununua alama! FC Cincinnati waliingia 2019 wakaruhusu mabao 75 na kushika mkia. LAFC 2018, na Carlos Vela wao, walipata alama 57, na ndiyo ilikuwa rekodi ya timu mpya. St. Louis 2023 waliongoza Magharibi kwa 56. San Diego wamezipita zote. Aliye juu yao kwa timu za msimu wa kwanza ni Chicago Fire pekee, waliotwaa ubingwa wenyewe 1998, na enzi hizo ligi ilikuwa na timu 12. Sasa zipo 30.

Na mabao! Juni 25, Vancouver, ugenini, 5-3, Milan Iloski anafunga manne. Manne! Kijana wa palepale kaunti ya San Diego, kwa mkopo kutoka, mshakisia, Nordsjælland. Baada ya hapo mkopo ukaisha, akaishia Philadelphia, na mpaka leo sijaelewa ilikuwaje wakamwachia. Hapo ndipo ninapowanunia mabosi.

Oktoba 18 ikaja ile mechi ya mwisho niliyoitaja, ile ya 4-0 bila Lozano, dhidi ya Portland. Wakafungana na Vancouver kwa alama, 63 kwa 63, na MLS kigezo cha kwanza ni idadi ya ushindi, si tofauti ya mabao. 19 kwa 18. Kileleni!

Mtoano ukawa wa kukatisha roho. Portland tena, mechi tatu: wakashinda ya kwanza, wakapoteza ya pili kwa penalti, wakamalizia hasira kwenye ya tatu kwa 4-0. Kisha Minnesota, 1-0, bao la nani? Dreyer. Novemba 29, fainali ya Magharibi, Snapdragon, Vancouver. Dos Santos ameumia mfupa wa uso, langoni yuko Pablo Sisniega. Brian White akapiga mawili, jingine likawa la kujifunga, na mapumziko ilikuwa 3-0. Kipindi cha pili Lozano, yuleyule, akafunga moja, jukwaa likaamka, nikaamka na mimi, lakini haikutosha. 3-1. Vancouver wakaenda fainali na kufungwa na Inter Miami ya Messi.

Niseme nimeumia? Nimeumia. Ila walijipatia nafasi ya Kombe la Mabingwa la CONCACAF la 2026, nafasi ya kupiga golikiki zile mbele ya timu za nje ya Marekani, na wapinzani sasa wana kanda za msimu mzima za kuwasomea. Watabanwa. Nataka kuona Varas atajibu nini akibanwa na watu waliomsoma. Ombi langu kwao ni moja, wanunue namba tisa wa kudumu, asiye wa mkopo. Mengine wayaache kama yalivyo, hasa yule kipa na soli yake ya kiatu.