Samaki wa Kupigwa Randa

Vipande viwili vya katsuobushi vikigonganishwa hulia kama vibao vya mninga. Mpishi wa Kijapani anayefuata mtindo wa zamani hahangaiki na kisu. Anatoa kisanduku chenye randa iliyofungwa makali yakiwa juu, anausukuma mnofu juu yake, na maranda mepesi ya rangi ya waridi yanadondokea kwenye droo ya chini. Huyo ni samaki, na hakuna chumvi iliyomgusa.

Hilo la chumvi ndilo linalonifanya niwape heko mafundi wa Makurazaki, mji wa bandari kusini mwa kisiwa cha Kyushu. Kwetu pwani samaki wa kuweka ni ng'onda: anapasuliwa, anatiwa chumvi, jua linamalizia. Chumvi husitiri makosa mengi. Asiyeitumia hana pa kujificha, maana maji yanayobaki ndani ya mnofu ni mlango wa uozo, naye hana budi kuyatoa kwa moto, moshi na subira.

Anaanza na katsuo, jamaa mdogo wa jodari, ambaye huvuliwa kwa wingi hata katika Bahari ya Hindi. Mkubwa hukatwa minofu minne, miwili ya mgongoni na miwili ya tumboni. Samaki mnono hatakiwi, ajabu kwetu sisi tunaosifia mafuta: mafuta huchacha, na huharibu mchuzi. Minofu hupangwa kwenye vikapu na kupikwa saa moja na zaidi katika maji yanayokaribia kutokota, lakini yasitokote, kwani yakichachamaa nyama hupasuka. Kisha miiba hung'olewa mmoja mmoja kwa kibano. Mashimo inayoyaacha, pamoja na nyufa, huzibwa kwa nyama iliyokwanguliwa kwenye mifupa na kupondwa, ikasawazishwa kwa kijisu butu hadi usione kiraka. Ufa mdogo wa leo, moto utaupanua kesho.

Halafu moshi, na hapa ndipo ningeweza kukaa kutwa nikitazama. Kuni ni za mwaloni na miti mingine migumu. Minofu hupigwa moshi kwa saa kadhaa, kisha moto huachwa ufe, ikalala hivyo hadi kesho yake. Mgeni atadhani fundi kaenda kupumzika. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe: sehemu ya nje ikikauka haraka hujifunga, na maji ya ndani yakanaswa. Mnofu ukipumzishwa, unyevu wa katikati hutambaa kuja juu, na moto wa kesho unaukuta mlangoni. Hivyo hivyo, mara kumi au zaidi, kwa wiki kadhaa, mpaka mnofu unakuwa mweusi kwa masizi. Wengi huishia hapo. Bidhaa hiyo huitwa arabushi, na ndiyo inayojaza pakiti nyingi za madukani.

Wanaotaka honkarebushi hukwangua masizi, kisha hufanya jambo ambalo kwetu lingemfanya mtu afukuzwe jikoni: wanaotesha ukungu kwa makusudi. Ni ukungu wa jamii ya Aspergillus, wa kuchaguliwa, unaolelewa katika chumba chenye joto na unyevu. Hunyonya maji ambayo moto haukuyafikia, na huvunjavunja mafuta yaliyosalia. Ukishaufunika mnofu wote, mnofu huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha hurudishwa chumbani ukaote tena. Ukungu wa kwanza huwa na ukijani. Wa baadaye, ukipata maji machache zaidi, hugeuka hudhurungi, na fundi huisoma rangi hiyo kujua amefika wapi. Kazi nzima inaweza kufika miezi sita. Nyama iliyoanza ikiwa na maji asilimia 70 hivi hubaki na kama 15.

Moshi wenyewe haukuwa wa Wajapani peke yao. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikaa Maldivi miaka ya 1340, akaandika jinsi samaki wa huko anavyokatwa vipande vinne, anapikwa kidogo, kisha anatundikwa moshini katika vikapu vya makuti. Alisafirishwa mpaka Yemen na China. Nani alimfunza nani, wasomi wabishane. Kwangu mimi kinachowatenga Wajapani ni huo ukungu.

Wakemia walikuja baadaye. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda aligundua kuwa utamu wa mchuzi wa kombu, aina ya mwani, unatokana na glutamati. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akapata inosinati katika katsuobushi. Viwili hivyo vikikutana, ladha huongezeka kupita jumla yake. Wapishi walikuwa wakivitia chungu kimoja zamani sana.

Na baada ya miezi yote hiyo, jikoni ni dakika chache tu. Kombu hutolewa maji yanapokaribia kuchemka, maranda hutiwa, yanazama, mchuzi unachujwa: mweupe, mkolevu, hauna shombo. Machicha hayatupwi. Huchemshwa tena kupata mchuzi wa pili, wa supu ya miso, na yakishatoa yote yaliyokuwamo hukaangwa na mchuzi wa soya na ufuta, yakanyunyizwa juu ya wali.