Tasnifu ya Mwanafunzi kama Kipimo cha Ubora wa Chuo: Mfano wa Sweden

Maandiko mengi kuhusu uthibiti ubora wa elimu ya juu huzigawa nchi kwa mikabala: Marekani huwekwa katika fungu la ithibati, Uingereza katika fungu la ukaguzi wa taasisi, na nyingine katika tathmini ya programu za masomo. Mgawanyo huu unakumbukika kwa urahisi, lakini unaficha ukweli kwamba nchi moja yaweza kupitia mikabala kadhaa ndani ya kizazi kimoja. Baada ya mageuzi ya 1993 yaliyovipa vyuo uhuru zaidi, Sweden ilianza kwa kukagua mifumo ya ndani ya vyuo. Kuanzia 2001 ikageukia tathmini ya programu. Na kati ya 2011 na 2014 ikatumia mkabala wa tatu, ambao ndio unaostahili uhakiki wa kina.

Katika mkabala huo, ushahidi uliopewa uzito mkubwa kuliko wote ni kazi za mwisho za wanafunzi. Jopo la wataalamu lilisoma sampuli ya tasnifu, likazipima kwa malengo ya shahada yaliyowekwa kitaifa, kisha programu ikapewa daraja moja kati ya matatu. Programu iliyopata daraja la chini ilipewa mwaka mmoja kujirekebisha. Isipofanya hivyo, chuo kingeweza kupoteza haki ya kutoa shahada husika.

Mvuto wa mkabala huu unaeleweka. Ripoti ya kujitathmini hupambwa. Tasnifu iliyokwisha kutahiniwa haipambiki. Hata hivyo, tasnifu ya mwanafunzi wa uuguzi haionyeshi namna anavyomhudumia mgonjwa, wala ya mwalimu mtarajiwa haionyeshi anavyolimudu darasa. Zaidi ya hayo, idara iliambiwa kuwa imeshindwa bila kuelezwa ni wapi ufundishaji ulipolegea. Ndiyo maana ENQA, jumuiya ya Ulaya ya asasi za uthibiti ubora, iliukosoa kwa kwenda kinyume na viwango vilivyopitishwa Bergen mwaka 2005, vinavyotaka tathmini ya nje izingatie taratibu za ndani za chuo.

Mfumo uliofuata umerudisha jukumu kubwa kwa vyuo vyenyewe. Wanaoushangilia kama marekebisho kamili wanapitiliza, kwa kuwa umerudisha pia wingi wa nyaraka za taratibu, na chuo chaweza kuwa na taratibu safi huku tasnifu dhaifu zikiendelea kupita.